Koti Lililopanda Kitulo

Mama mdogo Bupe alipiga simu saa ya chai, kama kawaida yake, na kama kawaida yake alianza na wagonjwa. Mjukuu wake Lusajo alikuwa na homa ya ukungu, siku ya pili sasa, na zahanati ya kule Kyela ilikuwa inawaambia wasubiri lori la dawa kutoka Kitulo. Sekela Mwalyego alimtuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa fuwele wa kiwanda hicho hicho cha Kitulo, kwa hiyo hakuwa anapayuka tu. Alimwambia lori linashuka kesho asubuhi, dawa inamalizia kukua kwenye matangi, mtoto atameza na atapona. Alisema hayo akiwa amesimama nje ya nyumba ya eksirei, kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, na baridi ya Julai ikimuuma masikio.

Ndipo mama mdogo akauliza kama koti la marehemu mumewe linamfaa.

Sekela akasema linamfaa sana, na hapa alipo amelivaa. Bila koti lile mtu angeganda huku juu. Mama mdogo alifurahi. Akasema marehemu mwenyewe alilipenda koti lile kupita kiasi, maana ndilo lililomkinga miaka yote miwili aliyolinda chumba cha baridi.

"Chumba gani cha baridi, mama mdogo?"

"Cha kiwanda cha dawa, mwanangu. Kile cha ziwani. Tulikuficha kidogo, maana baba yako mdogo mwenyewe alisema..."

Sekela hakusikia marehemu alisema nini. Alikata simu bila hata kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mzima tangu azaliwe. Chai ilikuwa imeshamwagikia kiatu na hakuiona.

Ngoja nikueleze kwa haraka, kwa kuwa yeye hakuwa na haja ya kuelezwa. Dawa ya homa ya ukungu inaitwa luvanini, na luvanini ni fuwele, punje ndogo zinazokua zenyewe ndani ya maji ya dawa yakipozwa taratibu. Balaa ni kwamba molekuli zile zile zinaweza kujipanga kwa namna mbili. Umeviona viti vya plastiki baada ya harusi? Vikiwekwa wazi wazi, mtoto anachukua kimoja anakwenda nacho. Vikipachikwa kimoja ndani ya kingine na mtu akavikalia, wanaume wawili watavuta mpaka jasho liwatoke na havitaachana. Viti ni vile vile, mpangilio tu umebadilika. Luvanini iliyojipanga wazi inaitwa Umbo la Kwanza, inayeyuka tumboni na kuponya. Iliyojipachika inaitwa Umbo la Pili, na wafanyakazi wa Kitulo walikuwa wanaiita Jiwe, kwa sababu mgonjwa anaimeza na inatoka kama ilivyoingia.

Sasa ubaya wa Jiwe ni kwamba linaambukiza. Chembe moja isiyoonekana kwa macho ikiangukia kwenye tangi, molekuli zote zinaiga mpangilio wake, na ukishapata tangi moja la Jiwe basi vumbi lake linaingia kwenye kuta, kwenye dari, kwenye nywele za watu. Kuanzia hapo kiwanda hakitoi tena dawa. Utabandua rangi, utang'oa sakafu, utaishia kulia. Viwanda vilikuwa vimeanguka hivyo kimoja kimoja dunia nzima, na cha ziwani kilianguka mwaka jana. Nchi nzima ilibaki na Kitulo, juu kabisa kwenye uwanda wa baridi, ambako anayepanda kufanya kazi hashuki mpaka mkataba wake uishe, na ndugu wakija kumsalimia wanaishia getini. Hata kuajiriwa pale lazima uwe uliwahi kuugua homa ile ukapona, usije ukaugua huko juu ikabidi ushushwe.

Ndiyo maana Sekela hakumzika baba yake mdogo Gwamaka, mtu aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Waliomzika walimaliza matanga, wakagawa nguo za marehemu kama ilivyo desturi, na fungu la Sekela likawa koti zito la kijivu, likapandishwa na gari la mboga. Getini aliulizwa kama koti limewahi kukaribia kiwanda chochote cha dawa. Akasema halijawahi, akaweka sahihi, kwa sababu alivyojua yeye baba mdogo alikuwa akilinda ghala la samaki.

Mwezi mzima alikuwa amelivaa. Mwezi mzima alikuwa analitundika kwenye vigingi vya chumba cha kubadilishia nguo, pamoja na makoti ya wenzake, ukuta mmoja tu kutoka kwenye matangi.

*

Alilivua pale pale. Akaingia nalo ndani, akaligeuza, akakwaruza mshono wa kwapani kwa ncha ya sindano juu ya kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini. Alikuwa anaomba asione kitu.

Aliona punje nyeupe zinazometameta, bapa, nyembamba. Fuwele za Umbo la Kwanza huwa ndefu kama sindano. Za Umbo la Pili huwa bapa.

Akakaa kwenye kiti. Hasira ndiyo iliyotangulia, na niseme ukweli, ilikuwa hasira kwa marehemu. Alikuwa na kinyongo naye cha zamani. Alipoteuliwa kupanda Kitulo, baba mdogo alimwahidi kwamba atakuja mpaka getini, wasalimiane hata kupitia kwenye wavu. Hakuja. Miaka miwili, hakuja hata mara moja, na kila akiulizwa kwenye simu alikuwa na kisingizio kipya, mara mgongo, mara msimu wa mpunga. Na kumbe alikuwa ziwani, analinda Jiwe.

Kisha hasira ikampisha woga, na woga ukaanza kufanya hesabu. Koti hili, nani anajua habari zake? Mimi na mama mdogo, na mama mdogo hajui maana yake. Nikisema, kanuni ni moja: panapohisiwa Jiwe, matangi yote yanamwagwa siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na tangi lisilo na fuwele haliwezi kuchafua ukuta. Kwenye yale matangi kuna dawa ya msimu mzima wa ukungu, ya watoto wote wa nyanda za juu na wa bondeni. Kuikuza upya ni miezi. Lusajo hana miezi. Nikinyamaza, naweza kuyapima matangi mwenyewe kimya kimya, kama bado ni salama lori linashuka kesho, Lusajo anameza, koti nalichoma moto nyuma ya jiko.

Alilipenda wazo lile. Tusimfanye malaika, alilipenda kwa dakika nzuri kabisa, akalizungusha kichwani na kuliona halina kasoro. Ila lilikuwa nayo. Chembe ya Jiwe inaweza kulala kwenye kigingi wiki tatu kabla upepo wa mlango haujaipeleka tangini. Akichoma koti na kunyamaza, wenzake hawatanawa, vigingi havitachemshwa, na siku Kitulo itakapoanguka, pengine mwezi ujao, hakutakuwa na lori jingine kwa Lusajo wala kwa mtoto wa mtu yeyote. Na hakuna atakayejua chanzo, isipokuwa yeye.

Alilitia koti kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mara mbili, akapiga moyo konde. Alikwenda ofisini kwa mkuu wa kiwanda bila koti, kwenye baridi ile ile.

*

Mzee Kaduma alikuwa Mbena wa Lupembe, mtu mkubwa wa mikono na mpole wa sauti, amebakiza muda mfupi kustaafu. Alimsikiliza Sekela akiwa amesimama mlangoni, kwa maana Sekela alikataa kuingia. Alipomaliza kueleza, mzee hakufoka. Alimimina maji kwenye glasi, akayanywa yote, akaiweka glasi chini polepole.

Aliuliza maswali mawili tu, tangu lini na lilikuwa linatundikwa wapi. Kisha akainua simu ya mezani, akaamuru ukumbi wa matangi ufungwe, watu wote wavue nguo na kuoga maji ya moto, vigingi ving'olewe vikachemshwe. Akaamuru pia mafundi wakae kwenye mabomba ya kumwagia, wamsubiri.

Sekela akamwomba asimwage kwanza. Akamwambia ana uwezo wa kupima fuwele za matangi na za koti, na kusema kwa uhakika kama ni Jiwe au siyo. Asiipoteze dawa ya watoto kwa kuogopa kitu ambacho hakijapimwa.

"Dada Sekela," alisema Mzee Kaduma, "mimi nilikuwa msaidizi wa mkuu katika kiwanda cha kwanza kuanguka nchi hii. Nasi tulisema tupime kwanza. Tulikuwa tunasubiri majibu, majibu yakaja, na tulipoyasoma Jiwe lilikuwa limefika kwenye dari. Watoto walikuwa wanameza mawe na mama zao wananishukuru. Usiniambie habari za kupima kwanza."

Sekela alisema tu kwamba kanuni inasema kabla jua halijazama, na jua bado liko juu.

Mzee alitazama dirishani. Akasema haya, mpaka jua liguse kilima. Likigusa na yeye hana uhakika, mabomba yanafunguliwa, na asiongezewe hata dakika. Akaongeza kwamba fuwele za tangini atazichukua na kuzipachika yeye mwenyewe, kwa sababu Sekela kwa sasa ni mchafu na haruhusiwi kuzigusa. Neno mchafu alilisema bila ubaya, lakini lilimchoma.

*

Kupachika fuwele ni kazi ya vidole vyembamba na pumzi ya taratibu. Unatafuta punje moja safi, isiyo na ufa, ndogo kuliko chembe ya chumvi, unainasa kwa kitanzi cha uzi mwembamba kuliko unywele, kilichochovywa kwenye mafuta, halafu unakisimika kwenye mashine mbele ya mkondo wa hewa ya baridi kali. Mzee Kaduma hakuwa ameifanya kazi hiyo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Sekela alisimama nyuma ya kioo akimwelekeza. Mzee akainasa ya kwanza, akapiga chafya, ikapotea. Ya pili akaivunja. Ya tatu akaguna kwa lugha ya kwao maneno ambayo Sekela aliona ni heri asiyaelewe. Ya nne ikakaa.

Mwale wa eksirei ukawashwa. Ukipita kwenye fuwele, mwale hutawanyika, na kwenye kioo cha kupokelea hutokea madoa, mamia ya madoa yaliyopangika kwa mistari. Kutokana na nafasi za madoa unapata tofali, yaani kile kijisanduku kidogo kabisa ambacho fuwele nzima imejengwa kwa kukirudia rudia. Tofali la Umbo la Kwanza Sekela alikuwa analijua kama anavyoijua namba yake ya simu. Kompyuta ikatoa vipimo vya pande tatu na pembe zake, na vilikuwa vyenyewe.

Wakapima fuwele ya tangi la pili, la tatu, la nne. Umbo la Kwanza, Umbo la Kwanza, Umbo la Kwanza.

Mzee Kaduma alijifuta jasho kwa kiganja, na uso wake ukaanza kulegea. Sekela angeweza kumwacha afurahi. Alimwambia ukweli, kwamba hayo ni ya leo tu. Kama vumbi la kwenye koti ni Jiwe, basi mwezi mzima limekuwa likipepea pale karibu, na kutoambukiza mpaka leo ni bahati ambayo kesho inaweza kwisha. Kinachoamua ni koti.

Jua lilikuwa limeshainama. Mzee alitoka nje ya chumba cha mashine, Sekela akaingia na mfuko wake.

Alinasa punje bapa moja kutoka kwenye mshono, akaisimika, akawasha mwale, akafumba macho. Alipoyafumbua madoa yalikuwa tayari kwenye kioo, yamepangika vizuri, makali, lakini machache. Machache mno. Kompyuta ikatafakari, ikatoa tofali.

Sekela akasoma, akasoma tena. Lilikuwa tofali dogo ajabu. Siyo la Umbo la Kwanza. Siyo la Pili. Wazo la kwanza lililomjia lilimtoa kijasho chembamba: Umbo la Tatu, kitu kipya ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na yeye ndiye amekileta. Alinong'ona jina la Mungu. Kisha fundi aliyekuwa ndani yake akamshika bega akamwambia, hebu fikiri, mama. Chukua molekuli moja ya luvanini uipime kwa tofali hili. Haiingii. Hata moja haiingii, hata uikunje vipi. Sasa itakuwaje fuwele ya luvanini kama luvanini yenyewe haitoshei ndani ya tofali lake?

"Unaona nini?" aliuliza Mzee Kaduma kutoka nyuma ya kioo. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe cha redio ya mafundi.

"Naona siyo dawa," alisema Sekela. "Siyo dawa yetu ya aina yoyote. Ila sijui ni nini, na siwezi kusema sijui halafu nikuombe usimwage. Nipe nafasi niione atomu kwa atomu."

Mzee alitazama kilima. Akakiondoa kidole kitufeni.

Akaizungusha fuwele nzima, pembe baada ya pembe, akikusanya nguvu ya kila doa. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Eksirei inakuambia kila wimbi lina nguvu kiasi gani, lakini haikuambii lilianzia wapi, na bila kujua mawimbi yalianzia wapi huwezi kuyarudisha pamoja upate picha. Ni sawa na kupewa sauti za waimbaji wote wa kwaya, na usiambiwe nani aingie lini. Kompyuta inabahatisha, inajaribu mpangilio, inautupa, inajaribu mwingine, mpaka wimbo ukae sawa. Kwa molekuli kubwa inaweza kuhangaika muda mrefu. Kwa hii haikuhangaika hata kidogo. Picha ilitokea mara moja, ukungu wa bluu kwenye skrini, na ndani ya ukungu uvimbe mmoja mmoja, kila uvimbe atomu.

Sekela akaanza kuziunganisha. Kaboni. Kaboni. Kaboni tena. Akatafuta oksijeni, hakuna. Naitrojeni, hakuna. Pete moja ya pembe sita, ubavuni pete nyingine ya pembe sita, zimeshikana upande mmoja, bapa kabisa. Kando kando ukungu mwembamba wa hidrojeni nane. Basi, imekwisha hiyo. Molekuli nzima ni hiyo, na zimelala mshazari moja dhidi ya nyingine kama miaa ya mkeka.

Aliitazama. Aliijua. Ilikuwa kwenye ukurasa wa mwanzo mwanzo wa somo la kemia la mwaka wa kwanza, na tangu siku ile hakuwa amekutana nayo.

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika meza, machozi yakimtoka, na Mzee Kaduma nyuma ya kioo akadhani mwanamke wa watu amerukwa na akili.

"Naftalini," alisema alipopata pumzi. "Mzee, ni naftalini. Vile vidonge vyeupe vya sandukuni, vya kuzuia nondo wasile nguo."

Najua unachotaka kuuliza, na una haki. Harufu je? Nguo iliyolala na vidonge vile inanuka kuanzia mlangoni, hata mtoto mchanga atakunja uso. Sasa nikwambie: homa ya ukungu, ukipona, inaondoka na pua yako. Huisikii harufu tena maisha yako yote. Na nilikwambia kwamba Kitulo hawaajiri mtu ila aliyewahi kuugua akapona. Kwa hiyo mwezi mzima koti lile lilikuwa linanuka kwenye vigingi, kwenye bwalo la chakula, kwenye mikutano, kati ya watu wenye shahada zao, na hakuna hata mmoja aliyejua. Dereva wa gari la mboga alijua, kwa kuwa yeye hajawahi kuugua, lakini nani alimuuliza?

Sekela alipima punje nyingine kutoka kwapani, na nyingine kutoka kwenye kola, na mbili za mfukoni. Halafu akakung'uta mishono yote, akalisaga vumbi lote pamoja, akalipitishia mwale. Ilikuwa naftalini na nyuzi za pamba, basi.

Lakini Mzee Kaduma hakucheka. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole kugusa kilima. Alisema, kwa sauti yake ile ya upole, kwamba amefurahi kuijua naftalini, ila swali lake liko pale pale. Koti lilikaa miaka miwili kwenye chumba cha Jiwe. Inawezekanaje lisiwe na chembe hata moja? Kitu kisichowezekana hawezi kukitegemea halafu akawapa watoto dawa. Atafanyaje, alimuuliza Sekela, na wala hakuwa anamkomoa. Alikuwa anauliza kweli.

Sekela alichukua simu akampigia mama mdogo, akaiweka sauti ya nje ili mzee asikie.

"Shikamoo mama mdogo. Nisamehe kwa kukukatia simu."

"Marahaba. Nilidhani mtandao. Lusajo amelala sasa, joto bado."

Sekela alimuuliza koti lilifanywa nini kabla halijapanda. Mama mdogo akashangaa swali gani hilo. Lilifuliwa, alisema. Nguo za marehemu hazigawiwi bila kufuliwa, hilo si analijua? Ndiyo, lakini lilifuliwaje, mama mdogo.

"Hilo ndilo nililotaka kukwambia asubuhi. Baba yako mdogo aliniagiza alipokuwa kitandani. Alisema koti hili ni la Sekela, huko juu kuna baridi. Lakini lisitoke hapa mpaka lichemshwe kwa magadi, litokote kutwa nzima, maji yamwagwe, lichemshwe tena. Alisema huko kiwandani aliwaona wakichemsha hivyo nguo za mafundi. Mimi nikamwambia utaliharibu koti zuri, akanikasirikia, na alikuwa hana hata nguvu za kukasirika. Basi tukalichemsha sisi wanawake watatu, mara tatu. Vidonge vya nondo niliweka mwenyewe, hivyo hakuagiza."

Sekela alimtazama Mzee Kaduma. Mzee alikuwa ameshusha kichwa. Magadi yanayotokota ndiyo waliyokuwa wanaoshea matangi yao wenyewe. Hakuna chembe ya Jiwe inayostahimili. Ukuta huwezi kuutia kwenye sufuria, lakini koti unaweza.

"Mama mdogo," alisema Sekela, "kwa nini hakuja getini? Aliniahidi."

"Angekujaje, mwanangu? Kazi aliipata ziwani wiki ile ile uliyopanda, na mwaka uliofuata kile kiwanda kikaharibika naye yumo ndani. Alisema vumbi limo kwenye nywele zake, kwenye ngozi yake, na wewe ukimwona utataka kumshika hata vidole kupitia kwenye wavu. Alikataa tukwambie. Alisema ukijua utashuka kumwona, na ukishashuka hutapandishwa tena. Kila ukimpigia simu alikuwa akimaliza anatoka nje peke yake."

Mzee Kaduma aliinua redio. Jua lilikuwa linagusa kilima, tena lilikuwa limeshagusa, nami sitabishana naye kwa hilo.

"Mafundi," alisema, "tokeni kwenye mabomba. Hatumwagi. Pozeni matangi, mchuje, mpakie. Lori linashuka kesho kama lilivyopangwa." Akazima redio, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha akaingia ndani, akaitoa glavu ya kulia, akamshika Sekela mkono, kiganja kwa kiganja, akampa pole ya msiba. Tangu mazishi ilikuwa pole ya kwanza kwake ya kushikwa mkono.

Sekela alikuwa bado ana simu mkononi. Alitaka kumwambia mama mdogo kwamba dawa inakuja, kwamba Lusajo atameza kesho jioni, kwamba kila kitu ni salama. Alimwambia hayo yote. Halafu akakaa sakafuni, mgongo kwenye mashine, akamlilia baba yake mdogo kama mtoto aliyepewa habari za msiba sasa hivi, na mama mdogo hakukata simu, alibaki upande wa pili akimwambia lia mwanangu, lia, mimi nipo.